Kutoka Meza ya Bwana Shauri hadi Mahakama ya Rufani

Historia ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa kawaida huanzishwa mwaka 1979, Bunge lilipotunga Sheria ya Mamlaka ya Rufaa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Tarehe hiyo ni sahihi, ila inaeleza kidogo mno. Inatufanya tuitazame mahakama hiyo kuanzia juu, yaani majaji, majoho na makao, na kulisahau swali linaloipa mahakama ya juu kabisa maana yake: ni nani anayeweza kuifikia, na anaanzia wapi? Tukiliuliza hilo, mwaka 1979 unakuwa nusu ya pili ya habari. Nusu ya kwanza ni mwaka 1964, wakati mahakama ya kijijini na Mahakama Kuu zilipounganishwa kuwa kitu kimoja. Ninavyoiona, kuunganishwa huko kuna uzito kuliko kuhamishwa kwa kiti cha majaji wa mwisho kutoka Nairobi kuja Dar es Salaam, na kasoro zinazoisumbua Mahakama ya Rufani hadi leo zinaeleweka vizuri zaidi tukianzia hapo.

Kabla ya wakoloni pwani ilikuwa na makadhi wake na bara ilikuwa na mabaraza ya wazee na watemi, na rufaa ilikuwepo: aliyeshindwa kwa jumbe alikwenda kwa mtemi. Wajerumani walipotawala waliweka mifumo miwili isiyokutana. Mzungu alikuwa na mahakama ya wilaya, na juu yake mahakama ya rufaa Dar es Salaam yenye jaji aliyesomea sheria. Mwafrika alipelekwa kwa akida au liwali, kisha kwa ofisa wa wilaya, aliyekuwa mtawala, mkusanya kodi na hakimu kwa pamoja. Adhabu ya viboko, ile hamsa ishirini ambayo wazee waliihadithia kwa miongo mingi baadaye, ilitolewa na ofisa huyohuyo bila jaji wa Dar es Salaam kuulizwa neno. Tangu mwanzo, basi, mahakama ya juu ya koloni ilikuwa mali ya wachache.

Waingereza walileta lugha tofauti. Amri ya Mfalme ya tarehe 22 Julai 1920 iliunda Mahakama Kuu ya Tanganyika na kuipa mamlaka kamili, ya madai na ya jinai, juu ya watu wote na mambo yote katika nchi. Jaji Mkuu wa kwanza alikuwa Sir William Morris Carter. Sheria zilizotumika ziliazimwa kwa wingi kutoka India: makosa ya jinai yalihukumiwa kwa kanuni ya adhabu ya India hadi 1930, na utaratibu wa madai uliendeshwa kwa kanuni ya India ya mwaka 1908 hadi 1966. Tarehe hiyo ya 22 Julai 1920 haijafa. Sheria ya Tanzania bado inaitaja kuwa siku ambayo sheria za jumla za Uingereza zilizokuwepo wakati huo zinahesabika kuwa zimepokewa nchini, kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu.

Juu ya Mahakama Kuu ilikuwepo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kiingereza ya eneo hili, na juu yake Baraza la Privy kule London. Zanzibar ilikuwa na njia yake ya ajabu zaidi: mahakama ya Kiingereza iliyokaa Unguja ilihesabiwa kama mahakama ya wilaya ya Bombay, na rufaa zake zilivuka Bahari ya Hindi hadi Mahakama Kuu ya Bombay, mpaka zilipokuja kuelekezwa kwenye mahakama ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa karatasi, basi, mtu wa Tanganyika mwaka 1920 alikuwa na daraja za rufaa zilizofika kwa mfalme mwenyewe. Kwa vitendo alihitaji wakili, Kiingereza na pesa. Hata hivyo maneno "watu wote na mambo yote" yalikuwa na nguvu, na kuna watawala waliolitambua hilo mapema, wakaliogopa.

Aliyelitambua zaidi ni Sir Donald Cameron, gavana kuanzia 1925 hadi 1931. Mpango wake wa kutawala kupitia machifu ulihitaji chifu awe na mahakama, na uamuzi wa mahakama hiyo usitenguliwe na jaji ambaye hakuwa chini ya gavana. Baada ya mvutano na majaji, sheria ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama za wenyeji kutoka chini ya Mahakama Kuu. Kuanzia hapo mtu aliyeshindwa kwa chifu alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana. Njia ikaishia hapo. Wakili hakuruhusiwa. Jaji hakuliona jalada. Mwafrika aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, mahari au ng'ombe aliweza kupanda kutoka kwa mtawala mmoja hadi kwa mwingine bila kukutana na mtu ambaye kazi yake pekee ilikuwa sheria.

Cameron alikuwa na hoja ambayo haistahili kudharauliwa. Alisema mila za Wasukuma au Wahaya haziwezi kupimwa na jaji aliyefunzwa London, na kwamba utaratibu wa mahakama za Kiingereza, pamoja na ucheleweshaji na gharama zake, ungemwangamiza mwananchi wa kawaida. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Lakini hoja hiyo inajijibu tukiangalia ni nani aliyewekwa mahali pa jaji. Kama tatizo lilikuwa mgeni kutozijua mila, mkuu wa wilaya, aliyehamishwa kutoka wilaya hadi wilaya, naye alikuwa mgeni. Alichokuwa nacho kumzidi jaji ni utii kwa gavana. Tume iliyoongozwa na Grattan Bushe mwaka 1933, iliyochunguza haki ya jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilipendekeza mamlaka ya Mahakama Kuu yapanuliwe na kazi ya kuhukumu ihamishiwe zaidi kwa watu wenye taaluma ya sheria. Watawala waliyapinga mapendekezo hayo, na kwa sehemu kubwa walishinda. Mwaka 1951 sheria mpya iliziita mahakama hizo "mahakama za mitaa" na kuziwekea mahakama ya kati ya rufaa ambamo jaji alikaa pamoja na maofisa wa utawala. Hapo jaji akawa ameingizwa chumbani, lakini mfumo wa pili ukabaki mfumo wa pili.

Hivyo ndivyo nchi ilivyofika Desemba 1961: taifa moja, bendera moja, na mahakama za aina mbili. Kuondoa rufaa za London lilikuwa jambo rahisi, nalo lilifanyika Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Mwaka 1963 machifu walivuliwa madaraka yao ya kiserikali, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1964. Sheria hiyo iliunda Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya, sambamba nayo Mahakama ya Hakimu Mkazi, na zote zikawekwa chini ya Mahakama Kuu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alisikiliza kesi kwa Kiswahili akiwa na wazee wa baraza, alitumia mila pale zilipohusika, na uamuzi wake uliweza kupanda hatua kwa hatua hadi kwa jaji. Mkuu wa wilaya alitolewa katika mstari wa rufaa. Mataifa machache ya Afrika yaliyopata uhuru wakati ule yalichukua hatua hii haraka namna hiyo, na sioni kwa nini tumeiachia ikae katika kurasa za ndani za historia yetu, wakati Azimio la Arusha linajulikana kwa kila mtoto wa shule.

Kilichobaki nje ya nchi kilikuwa kilele. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, iliendelea kama chombo cha Jumuiya chini ya mkataba wa 1967, ikifanya vikao Dar es Salaam na Kampala pia. Wapo wanasheria wanaoikumbuka kwa huzuni, na sababu zao ni nzito. Jopo lake lilichanganya majaji kutoka nchi tofauti, hakuna rais mmoja aliyeweza kulidai kuwa lake, na uamuzi uliotolewa juu ya mkataba wa biashara Mombasa ulimwongoza wakili wa Mwanza au Jinja. Ripoti zake zinanukuliwa hadi leo mahakamani. Nakubali kwamba tulipoteza kitu Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Lakini umbali wake kutoka kwa serikali ulikwenda pamoja na umbali wake kutoka kwa mwananchi. Mahakama iliyohudumia nchi tatu kwa majaji wachache isingeweza kulibeba shauri la shamba la ekari mbili lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Ngara au Newala. Sheria iliyoanza kutumika 1964 ilikuwa imejenga njia kutoka chini. Njia hiyo haikuweza kutimia mpaka mwisho wake uwe ndani ya nchi.

Kwa takriban miaka miwili Tanzania haikuwa na mahakama juu ya Mahakama Kuu. Kisha, Agosti 1979, Mahakama ya Rufani ikazaliwa, Francis Nyalali akiwa Jaji Mkuu. Nyalali aliteuliwa 1977 akiwa na umri wa miaka 42, akaongoza hadi mwaka 2000. Miongoni mwa waliokaa naye mwanzoni alikuwamo Jaji Mustafa, aliyewahi kuwa jaji wa rufaa Nairobi, hivyo uzoefu wa mahakama ya zamani haukupotea wote. Mgawanyo wa kazi ulibadilika pia. Jaji Mkuu aliendelea kuwa kiongozi wa mhimili mzima wa Mahakama, lakini kiti chake sasa kilikuwa katika Mahakama ya Rufani, na uendeshaji wa Mahakama Kuu ukakabidhiwa kwa Jaji Kiongozi. Dar es Salaam mahakama mpya ilikuja kukaa katika jengo la Forodhani, Kivukoni, lililowahi kuwa klabu ya Wazungu na kisha hoteli.

Utendaji wake ni rahisi kueleza kuliko unavyoonekana. Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, na wakitofautiana uamuzi wa walio wengi ndio uamuzi wa Mahakama. Jaji mmoja anaweza kushughulikia maombi madogo, kama ya kuongezewa muda, lakini hawezi kuamua rufaa. Panapokuwa na suala zito la kikatiba Jaji Mkuu huunda jopo kubwa zaidi. Mashahidi hawaitwi upya. Majaji husoma kumbukumbu za mahakama ya chini na kusikiliza hoja za pande mbili, mrufani na mjibu rufaa. Mahakama haikai mahali pamoja. Hupanga vikao Arusha, Mwanza, Mbeya, Tabora, Tanga, Bukoba, Zanzibar na kwingineko, na majopo kadhaa yanaweza kukaa mikoa tofauti kwa wakati mmoja. Uamuzi wake unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, jambo ambalo ilibidi ilikumbushe kwa ukali katika shauri la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa lililoripotiwa mwaka 1988.

Zanzibar inahitaji neno la peke yake. Mahakama Kuu ya Zanzibar si tawi la Mahakama Kuu ya Tanzania. Ni mahakama kamili yenye sheria zake, na Visiwani palikuwa na Mahakama za Wananchi zisizoruhusu mawakili kuanzia 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Mahakama ya Rufani ndiyo mahali pekee ambapo mikondo hiyo miwili ya haki inakutana, na hata hapo kuna mipaka: Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaizuia kusikiliza rufaa zinazohusu tafsiri ya katiba hiyo, na masuala ya dini ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi. Mwaka 2000, katika kesi ya uhaini iliyowahusu watu 18 wa chama cha CUF, Mahakama ya Rufani ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Uamuzi huo uligusa mshipa wa Muungano wenyewe. Kwa mgogoro baina ya Serikali ya Muungano na ile ya Zanzibar, Katiba ya Muungano imeweka chombo kingine, Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila upande. Chombo hicho hakijawahi kukaa.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni hili: mahakama ya kitaifa, hata ikiwa karibu na wananchi, iko karibu zaidi na Ikulu. Rais ndiye anayemteua Jaji Mkuu na majaji wa rufani. Mwaka 2017 nchi ilikaa na kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari hadi Septemba, na mwaka 2023 Jaji Mkuu alipofikisha miaka 65, umri wa kustaafu, Rais alimwongezea muda. Na mfano wa 2010 unauma. Mahakama Kuu ilikuwa imekubali hoja ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea uchaguzi bila kudhaminiwa na chama. Majaji saba wa Mahakama ya Rufani waliutengua uamuzi huo wakisema ni suala la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki za Mtikila.

Siwezi kuitetea hukumu ile ya 2010. Naiona kuwa ni mahakama kuliacha jukumu lake mlangoni mwa mwingine. Lakini haitoshi kuamulia historia nzima. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, na katika miaka michache iliyofuata Mahakama hiyohiyo, chini ya Nyalali, ilibatilisha kifungu kilichonyima dhamana katika kesi ya Daudi Pete, kisha ikabatilisha sharti la kuiomba serikali kibali kabla ya kuishtaki. Mwaka 1994 ikaja rufaa ya serikali iliyotokana na mashamba ya wakulima wa Arusha. Sheria ya 1992 ilikuwa imefuta haki za ardhi za kimila za watu waliopoteza mashamba yao wakati wa vijiji vya ujamaa, na ikaziondolea mahakama mamlaka ya kusikiliza malalamiko yao. Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki, na milango ya mahakama haiwezi kufungwa namna ile. Maneno hayo yalihusu umiliki wa mamilioni ya wakulima wasio na hati, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuja kuyapa mwili. Mwaka 2019 Mahakama ikakubaliana na Rebeca Gyumi kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 ni kinyume cha Katiba.

Tena, aliyetaka kuona serikali inavyofanya inapochoshwa na rufaa alipaswa kutazama 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Sheria ya mwaka ule iliunda baraza maalum: hakuna dhamana, hakuna wakili, hakuna rufaa mahakamani. Mwaka uliofuata ilibidi iandikwe upya na kesi hizo zirudishwe Mahakama Kuu. Mfanano wake na sheria ya 1929 ni wa wazi. Mtawala wa kikoloni na serikali ya wananchi, kila mmoja kwa sababu aliyoiona njema, walipotaka uamuzi usioguswa waliikata njia ya kwenda kwa jaji.

Kwa sababu hiyo, jambo linalonisumbua zaidi kuhusu Mahakama ya Rufani liko ngazi za chini za rufaa, mahali ambapo magazeti hayaangalii. Kwa miaka mingi rufaa zilitupwa kwa makosa ya karatasi: tarehe ya amri kutofautiana na tarehe ya hukumu, sahihi ya msajili mahali pa sahihi ya jaji, waraka mmoja kukosekana katika kumbukumbu za rufaa. Katiba ilirekebishwa mwaka 2000 kuzitaka mahakama zisifungwe mno na masharti ya kiufundi, na sheria ya 2018 ikaongeza msukumo huo. Mwaka 2023 sharti la kuomba ruhusa kabla ya kukata rufaa katika mashauri ya madai liliondolewa. Lakini shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo bado linadaiwa cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria ndani yake. Mfanyabiashara aliyeanzia Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu hupanda moja kwa moja. Mjane aliyeanzia Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi, akapita Wilaya na Mahakama Kuu, husimamishwa kwa mara ya nne kueleza kwa nini asikilizwe.

Wanaolitetea sharti hilo husema bila kichujio Mahakama ingezama katika majalada, na kwamba shauri lililosikilizwa mara tatu limekwisha kupata haki yake. Hoja ya wingi wa kesi ni ya kweli, lakini ilikuwa ya kweli pia kwa sharti la ruhusa, na hilo limefutwa. Hoja ya mara tatu ingekuwa na nguvu zaidi kama hatua ya kwanza ingekuwa sawa kwa wote, na sivyo: Mahakama ya Mwanzo ndiyo ambayo kwa miongo mingi haikuruhusu wakili. Anayebeba mzigo wa cheti ni yuleyule aliyeanza bila msaada wa kisheria. Kama hoja ya kisheria ipo au haipo, jopo la majaji watatu linaweza kuliona hilo kwa kuisoma rufaa yenyewe na kuitupa kwa ukurasa mmoja pale inapostahili kutupwa. Sharti la cheti lifutwe, kama lilivyofutwa la ruhusa.